Taa ya Maji ya Nyamirembe

Mwanne binti Sabiti aliweza kuepua chungu kinachochemka kwa mikono mitupu, na watu wa Nyamirembe walikuwa wakileta wageni waje kutazama. Hapulizi vidole, hasemi ah, hakunji uso. Anatua chungu, anapakua, anakwenda zake. Wengine walisema kameza dawa ya waganga wa Kisubi. Wengine walisema nyoka alimgonga kisigino akiwa kisimani, na nyoka ndiye aliyelala chali. La nyoka lina chumvi kidogo. La chungu ni kweli tupu, na makovu yalikuwepo vidoleni kwa asiyeamini.

Hakuzaliwa hivyo. Zamani alikuwa mwanamke wa kucheka mpaka ashike ukuta. Ganzi ilimwingia mwaka aliomzika Sharifa, binti yake wa pekee, aliyechukuliwa na malale. Miaka hiyo ya Waingereza mbung'o walijaa vichaka vya ufukweni, na aliyeumwa nao vibaya alianza kusinzia. Sharifa alisinzia na tonge mdomoni, akasinzia katikati ya mchezo, akasinzia wima kama punda, mpaka asubuhi moja wakamwita na hakuitika. Walimzika nyuma ya nyumba, ukingoni mwa hori, yaani ule mkono mwembamba wa ziwa ulioingia nchi kavu. Mume wa Mwanne akaenda kwenye machimbo ya dhahabu. Kama alipata dhahabu au alipata mke mwingine, habari hazikurudi.

Mwanne akabaki na baba yake, Mzee Sabiti, na lile kaburi. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, alikwenda kupanga upya mawe yaliyosukumwa na mbuzi. Halii. Machozi yalikuwa yamekaa huko ndani kama watu barazani kwa mkubwa, wakingoja kuitwa, na hakuna aliyetoka kuwaita. Majirani waliacha kumwita Mama Sharifa, wakiogopa kutonesha kidonda. Aliyeendelea ni Marsiana tu, jirani wa upande wa pili, na Mwanne aliitika kama anayeitikia jina la mtu mwingine.

Mzee Sabiti alikuwa mtu wa Pangani. Alikuja bara kijana, nyuma ya msafara, akafungua duka Biharamulo mjini, kisha akateremka Nyamirembe vyombo vya ziwani vilipoanza kutia nanga pale. Ziwa lenyewe hakulipa heshima. Alisema ni beseni la kuoshea vyombo. Lakini alilihesabia mwezi vilevile, kama alivyofundishwa na wazee wake kuihesabia bahari: leo bamvua, maji yatajaa sana; leo maji mafu, hayaendi popote. Mwezi ukiwa mpevu alikunja mkeka wake na kuuvuta juu, asije akaloweshwa. Watu walicheka, ila kwa adabu, kwa sababu ni kweli kwamba katika hori lile maji yalipanda kila alasiri na kushuka jioni. Ulikuwa upepo. Mchana ulisukuma ziwa likaingia horini, jua likizama upepo unachoka na maji yanarudi kwao. Mzee Sabiti hakutaka kusikia neno upepo.

"Upepo ni wa kupepea moto," alisema. "Maji yana mwezi wao."

Basi serikali ikaamua kuwa watu wa ufukweni wote wahame, waende juu kwenye vijiji vipya vilivyofyekwa, ambako mbung'o hana pa kujificha. Bwana Shauri mwenyewe, afisa wa wilaya, alikuja, Mwingereza mrefu mwenye shingo nyekundu, akakaa juu ya kasha la chumvi mbele ya duka.

"Mzee Sabiti, kabla mvua hazijakolea nyumba zote za hapa ziwe tupu."

"Na bandari je, Bwana?"

"Bandarini watabaki wenye kazi ya bandari. Wewe una kazi gani?"

"Nauza chumvi, sindano na maneno."

"Maneno utayauza hata huko juu."

Watu wakacheka. Mwanne alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Akauliza, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya dagaa, "Na makaburi yanahama?"

Bwana Shauri akamtazama. "Makaburi hayaugui, mama."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli, tena taratibu. Lakini Mwanne aliweka ungo chini, na huo ndio wakati alipotambua kwamba kuna kitu kimoja duniani bado anakitaka. Alitaka kubaki. Hakukitaka kwa moto wala kwa hamu. Alikitaka kama mtu mwenye usingizi anavyotaka asiguswe.

Kabla ya kuondoka, Bwana Shauri akalalamikia mwamba. Palikuwa na mwamba mdomoni mwa ghuba, na mitumbwi yenye mizigo ya pamba ilikuwa inaugonga kila giza likiingia. Walikuwa wamejaribu kutundika kandili. Upepo uliizima kila siku, na mafuta yake watu waliyaiba wakajipaka miguuni kufukuzia mbung'o. "Mtu akiweza kuniwekea taa hapa, iwake kila magharibi," alisema, "yeye na nyumba yake watabaki. Hiyo ni kazi ya bandari."

Aliyejibu ni Abbasi, fundi wa malori ya pamba. Abbasi alikuwa mtu wa Tanga, aliwahi kuchochea makaa kwenye meli, na nyusi zake zilibaki hukohuko.

"Mimi nitaweka," alisema. "Bila mafuta."

Bwana Shauri alipokwenda, walimzunguka.

"Tulitia nanga nchi moja ya baridi," Abbasi akawaambia. "Pale pana kinu cha kusaga ngano. Hakina punda, hakina moto. Bahari ikijaa wanaiachia iingie bwawani, halafu wanafunga lango. Bahari ikipwa, yale maji ya bwawani yanataka kurudi kwao. Wanayaambia, karibuni mrudi, lakini njia ni hii hapa, penye gurudumu."

"Na yanakubali?" Marsiana akauliza.

"Yana mjomba gani wa kumshitakia? Yanapita, gurudumu linazunguka, ngano inasagika. Sasa mimi, mahali pa jiwe la kusagia nafunga dainamo ya lori. Badala ya unga, unatoka umeme."

Marsiana alikuwa Mhangaza wa Kirushya, kaolewa ziwani na Leonidas mvuvi. Akasema, "Kwetu Kirushya maji yanashuka tu. Sijaona maji yanayopanda, ila yaliyo kichwani mwangu kwenye mtungi."

"Ndiyo maana mkapewa migomba," Mzee Sabiti akamjibu. "Mambo ya maji yaacheni kwa wenyewe." Na uso wake siku hiyo ulikuwa wa kijana aliyeposa akakubaliwa. Miaka yote hiyo bara, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuhitaji anachokijua.

Wakaziba mdomo wa hori kwa tuta la udongo na mawe. Katikati wakaacha pengo, Abbasi akalifungia lango la mbao. Gurudumu lilitokana na mkokoteni uliokufa, na badala ya makafi alipigilia vipande vya madebe ya mafuta. Mwanne alibeba udongo kuliko wote. Si kwa bidii. Alikuwa hajui mtu huchoka saa ngapi, kwa hiyo aliendelea mpaka Marsiana alipomvua karai kichwani.

"Mama Sharifa, pumzika. Hata ng'ombe hufunguliwa."

"Nimeshafika mwisho?"

"Mwisho wa nini?"

Mwanne akatazama tuta. "Sijui," akasema, na akakaa.

Mzee Sabiti alichomeka mti ndani ya hori na kuupaka chokaa mahali fulani. "Hapa ndipo mwisho wa bamvua," alitangaza. "Mwezi ukiwa mpana kama sinia, maji yatafika hapa. Hayavuki."

Mwanne alitazama alama ile, kisha akatazama mawe ya kaburi la Sharifa. Mawe yalikuwa juu kidogo ya alama, kimo cha mtoto aliyeketi.

"Na yakivuka, Baba?"

"Yavuke yaende wapi? Mimi nimezaliwa na maji, mwanangu."

Abbasi naye, kwa kupenda kazi yake, alilipandisha tuta juu zaidi ya ile chokaa. Alisema tuta fupi ni aibu ya fundi.

Magharibi ya kwanza taa ilipowaka juu ya nguzo yake, Nyamirembe nzima ilikuja. Kuku walitoka bandani wakataga upya wakidhani kumekucha. Mamba mmoja mzee alijikokota mpaka ukingoni, akaikodolea macho mpaka yakamtoka machozi, na watu wa pale watakuapia kwamba hayo yalikuwa ya kweli. Taa yenyewe ilikuwa nyekundu-njano, kama yai bichi, na ilitetemeka kila gurudumu lilipokwama. Lakini iliwaka mpaka maji ya bwawani yalipokwisha, na mitumbwi ikapita mbali na mwamba.

Mwanne alisimama chini ya nguzo akangoja. Alifikiri labda kitu kitakuja. Kilikuja kidudu, kikatua juu ya kope yake.

"Unaionaje?" Abbasi akamuuliza.

"Inawaka."

"Mimi nimekesha siku zote hizi, bi mkubwa. Hata pongezi?"

"Inawaka vizuri."

Abbasi aliridhika. Kwa Mwanne hilo lilikuwa shairi.

Iliwaka jioni baada ya jioni, na Bwana Shauri akapeleka ujumbe aambiwe siku ya kuja kuitazama. Mzee Sabiti alichagua mwezi mpevu, siku ya bamvua, ili taa iwe na nguvu kuliko siku zote. Ulikuwa mwanzo wa vuli.

Tangu asubuhi ya siku hiyo mawingu yalirundikana juu ya vilima, upande wa Biharamulo. Yalikuwa meusi kama masizi ya sufuria. Hakuna aliyeyaangalia. Watu wa nyumba ile walikuwa wameligeukia ziwa, na waligeuza migongo kwa kila kitu kingine, kwa sababu mtu wa pwani anajua maji hutoka mbele. Kijito kidogo kilichoingia horini kwa nyuma, ambacho mbuzi walikivuka bila kulowesha magoti, hakikuwemo katika hesabu ya mtu.

Alasiri upepo ukafanya kazi yake. Ziwa likaingia, bwawa likajaa mpaka kwenye chokaa, sawasawa kabisa na alivyosema mzee, na Abbasi akafunga lango. Mzee Sabiti alijipapasa ndevu. Bwana Shauri akaja na wapagazi wake, shikamoo zikamiminika, akaketishwa juu ya kasha lilelile la chumvi, safari hii lina kitambaa.

Jua lilipozama ziwa likarudi nyuma. Abbasi akainua lango. Gurudumu likaguna, likazunguka, mkanda ukashika, na taa ikawaka. Siku hiyo haikuwa na rangi ya yai. Ilikuwa nyeupe. Uliweza kumhesabia mtu meno akiwa ng'ambo ya hori. Mtumbwi wa Leonidas ulipita kando ya mwamba, na Leonidas akainua kofia yake kama mkubwa wa meli.

"Vizuri sana," Bwana Shauri akasema. "Vizuri mno. Mzee Sabiti, nyumba yako inabaki."

Mzee Sabiti alifunika uso kwa kofia. Watu wakampongeza. Marsiana akamshika Mwanne mkono na kuutikisa. Mwanne alilisikia lile neno, inabaki, kama mtu anavyosikia kwamba mbuzi wa jirani kazaa. Akatoa mkono wake polepole, akazunguka nyuma ya nyumba kwenda kumwangalia mtoto.

Mwanga wa taa ulifika mpaka huko, na kwa mwanga huo aliona kwamba mti wa chokaa haupo. Maji yalikuwa yameuzamisha. Hayakuwa maji ya ziwa. Yalikuwa mekundu, yana majani ya migomba na vijiti na povu, na yalikuwa yanatoka nyuma, kutoka vilimani. Jiwe la chini kabisa la kaburi lilikuwa limeshalowa. Alipokuwa anatazama, likalowa la pili.

Alirudi penye lango. Hakukimbia. "Fundi, fungua zaidi."

"Lango liko wazi lote, bi mkubwa. Huoni taa inavyong'aa?"

"Maji yanaongezeka."

Abbasi akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze akakitazama kile kijito. "Mvua imepiga juu," akasema. "Hilo lango dogo haliyawezi maji haya. Itabidi kutoboa tuta. Lakini ngoja kwanza Bwana aondoke."

"Anaondoka lini?"

"Ameagiza chai."

Mwanne alitazama upande wa duka. Kweli, birika lilikuwa linatiwa majani. Akatazama nyuma ya nyumba. Kisha akachukua jembe lililoegemea nguzo, akapanda juu ya tuta, akaanza kulima. Mikono ndiyo iliyolima. Yeye mwenyewe alikuwa anaitazama kama anayemtazama kibarua.

Baba yake ndiye aliyemwona. Akaja mbio, kanzu kaikunja mkononi, na kofia imebaki nyuma.

"Mwanne. Unafanya nini, mwanangu?"

"Maji yamemfikia."

"Ukitoboa hapo tunahama. Umemsikia Bwana. Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Utamwacha hapa peke yake. Ndicho unachotaka?"

"Nitamwacha pakavu," Mwanne alisema, na akapiga tena.

Mzee Sabiti alisimama. Angeweza kumnyang'anya jembe. Alikuwa bado na nguvu za kubishana na gunia la chumvi. Aligeuka akatazama hori lililojaa, mahali mti wake ulipokuwa, akatafuta ile chokaa kwa macho na hakuiona. Akasogea pembeni.

Tuta likatoa njia nyembamba, kisha pana, kisha kipande kizima kikaondoka na kelele ya ng'ombe anayeanguka. Maji yakatoka kwa pamoja, yakamchota Mwanne miguu na kumtupa matopeni. Gurudumu likabaki hewani, likazunguka mara chache kwa mazoea. Taa ikawa njano, ikawa nyekundu, ikawa uzi mdogo ndani ya kioo, ikazimika.

Chai ya Bwana Shauri ilinywewa kwa mwanga wa moto wa jikoni. Abbasi alimweleza yote, na alieleza vizuri, hata akajilaumu kwa lile tuta refu. Bwana Shauri akamwita Mwanne. Akaja na tope lake, akasimama.

"Kwa nini, mama? Ulikuwa umeshapata ulichotaka."

"Mtoto wangu yupo pale. Maji yalikuwa yanaingia."

Bwana Shauri alizungusha kikombe mikononi. "Fundi anasema tuta linaweza kurudishwa, chini kidogo. Lakini mvua ndiyo kwanza zinaanza. Mtaliziba, utalitoboa tena. Taa inayozimika ghafla ni mbaya kuliko giza, kwa sababu wenye mitumbwi wataiamini." Akangoja, kama kwamba Mwanne atamkanusha.

"Kweli, Bwana."

"Basi mtahama na wengine."

"Ndiyo."

Asubuhi Mwanne alikwenda kaburini kama kawaida. Tope liliishia safu ya pili ya mawe. Juu ya hapo udongo ulikuwa mkavu, na mchwa walikuwa wanaendelea na shughuli zao. Alisafisha mawe machafu, moja moja, akayarudisha, akaongeza mengine yaliyotoka kwenye tuta, maana yalikuwa hayana kazi tena.

Mzee Sabiti hakusema na binti yake mpaka siku ya kuhama. Aliomba chumvi kwa kuonyesha kidole, na yeye ndiye mwenye duka la chumvi. Siku yenyewe watu walipanga mstari barabarani, magodoro vichwani, mbuzi katikati. Marsiana alitangulia na jogoo kwapani, akimtukana kwa Kihangaza kila alipojitikisa. Abbasi alikuwa amejitwika dainamo yake, ingawa yeye ni mtu wa bandari na hakuna aliyemwambia ahame. Alipoulizwa alisema anasindikiza. Njia ilikuwa na madimbwi ya mvua ya jana, na Mwanne alipita katikati yake bila kuchagua pa kukanyaga.

Walikuwa wameshapita shamba la mwisho la mihogo, ziwa limefichika nyuma ya vichaka, mzee alipomfikia na kwenda naye sambamba.

"Umelia?" akauliza.

"Hapana, Baba."

"Unasikia nini, basi? Tangu siku ile nataka kukuuliza."

Mwanne alifikiri. Hakutaka kumdanganya. "Miguu baridi," akasema.

Mzee Sabiti akaitazama ile miguu, imelowa mpaka vifundoni. "Tangu lini?"

"Tangu dimbwi lile jembamba pale nyuma."

"Basi pita pembeni, mwanangu. Pembeni pakavu." Akamshika kiwiko, akamsogeza kando ya njia, na Mwanne akasogea.

Walikwenda hivyo hatua kadhaa. Mbele yao dainamo ya Abbasi ilikuwa inagongana na sufuria.

"Huko tunakokwenda," mzee akasema, "wanasema pana kisima."

"Nami nimesikia."

"Kinajaa na kupwa?"

"Nasikia kinapwa tu," Mwanne akasema.

Mzee Sabiti alikubali kwa kichwa, akaanza kuhesabu mwezi kwa vidole, kwa mazoea, akafika katikati akaacha. Walikuwa wameanza kupanda kilima.